Zailitoli: Utamu Usioozesha Meno, na Mipaka Yake

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi na watumishi wa serikali kuhusu afya ya kinywa.



Nimeombwa nizungumze juu ya kitu kidogo ambacho jina lake huandikwa kwa herufi ndogo kwenye pakiti za ubani wa kutafuna na kwenye baadhi ya dawa za meno. Kitu hicho huitwa zailitoli. Ni unga mweupe, mtamu sawasawa na sukari, na wanaouuza husema kwamba hauozeshi meno bali huyalinda. Wazazi wamekwisha kuanza kuuliza kama maneno hayo ni ya kweli, na wanapouliza, humwuliza mwalimu kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa mwalimu ndiye aliye karibu. Kwa hiyo yapasa mwalimu awe na jibu.

Jibu fupi ni kwamba utamu wa namna hiyo upo, na kwamba wataalamu wameuchunguza kwa zaidi ya miaka 50. Lakini jibu hilo likiachwa hapo laweza kuleta hasara. Mzazi aliyesikia nusu ya habari atatoa fedha ya mswaki akanunue ubani. Naomba basi mniruhusu nieleze jambo hili kutoka kwenye shina lake.

Suala lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba karibu watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa ya namna moja au nyingine, na kwamba kuoza kwa meno ya ukubwani peke yake kumewapata watu wapatao bilioni 2. Hakuna maradhi mengine yaliyoenea kiasi hicho. Hata hivyo jino haliui haraka, na kwa sababu hiyo husahauliwa katika mipango mpaka siku linapomzuia mtoto kulala.

Tuanze na namna jino linavyooza. Kinywa cha binadamu kina vijidudu vya aina nyingi sana, na vingi havina ubaya wowote. Kimojawapo kiitwacho Streptococcus mutans, ambacho mtaalamu wa Uingereza, J. K. Clarke, alikieleza mwaka 1924 baada ya kukikuta katika meno yaliyooza, ndicho kinachotuhusu leo. Kijidudu hiki hukaa ndani ya ukoga, yaani ule utando unaonata juu ya meno ambao kila mmoja wetu huugusa kwa ulimi anapoamka asubuhi. Chakula chake akipendacho ni sukari. Akiila huitoa ikiwa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya ganda la nje la jino, ambalo ndilo sehemu ngumu kuliko zote katika mwili wa mtu.

Wataalamu hupima ukali wa asidi kwa kipimo kiitwacho pH. Kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Kinywa kilichotulia huwa karibu na 7. Kikishuka chini ya 5.5 hivi, ganda la jino huanza kupoteza madini. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Stephan alionyesha kwamba ukoga ukipata sukari, kipimo hicho huanguka katika muda wa dakika chache tu, kisha huchukua nusu saa, au hata saa nzima, kurudi pale kilipokuwa. Kinachokirudisha ni mate. Mate huipunguza asidi ukali, huisafisha, na zaidi ya hayo hubeba madini ya chokaa na fosfati ambayo hulirudishia jino kile kidogo lilichopoteza. Kwa hiyo kila siku kinywani kuna kubomoa na kujenga. Jino hutoboka pale ambapo saa za kubomoa zimezidi saa za kujenga.

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo watu wengi hawaipigi. Chukueni mtumishi mmoja anayekunywa kikombe chake cha chai yenye vijiko vitatu vya sukari kwa mara moja, saa nne, akamaliza. Mwenziwe ana kikombe kama hicho hicho, lakini hukiweka kando ya mafaili tangu saa mbili mpaka saa sita, akipiga funda moja kila anapogeuza karatasi. Sukari waliyotumia ni sawa kabisa. Lakini meno ya huyu wa pili yamekaa ndani ya asidi asubuhi nzima, wala mate yake hayakupata nafasi ya kufanya kazi yake. Ndivyo ilivyo kwa mtoto mwenye peremende shavuni tangu kengele ya kwanza.

Ukweli huo ulithibitishwa kwa njia ambayo leo inatia aibu. Katika miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm karibu na mji wa Lund, nchini Uswidi, watu wenye ulemavu wa akili, ambao hawakuweza kukubali wala kukataa, walilishwa peremende zinazonata ili kuona kama meno yao yataoza. Yalioza. Iliyojulikana hapo ni kwamba sukari inayonata, inayoliwa kati ya mlo na mlo, huharibu meno kuliko sukari hiyo hiyo ikiliwa pamoja na chakula. Elimu hiyo tunaitumia hadi leo, na ni haki tukumbuke ilivyopatikana.

Sasa nirudi kwenye zailitoli. Si kitu kilichobuniwa na mtu. Imo kwa kiasi kidogo katika matunda na mboga, kama vile plamu na koliflawa, na mwili wa binadamu wenyewe hutengeneza gramu chache kila siku katika shughuli zake za kawaida. Wakemia wa Ujerumani na Ufaransa waliitambua mnamo mwanzo wa miaka ya 1890, Emil Fischer akiwa miongoni mwao. Kwa muda mrefu ilibaki kuwa jambo la maabara, kisha ikatumiwa katika nchi kadhaa kwa wagonjwa wa kisukari, kwa kuwa haipandishi sukari ya damu kama sukari ya kawaida ifanyavyo.

Kiwandani hutolewa katika miti na mabaki ya mimea. Waliotangulia kuitengeneza kwa wingi ni watu wa Ufini, nchi ya kaskazini mwa Ulaya iliyojaa misitu, nao walitumia mti uitwao betula, wenye gome jeupe. Siku hizi sehemu kubwa hutengenezwa China kwa magunzi ya mahindi. Naam, magunzi yale yale ambayo sisi huyatia jikoni kuwashia moto. Lakini asitokee mtu akadhani kwamba ataipika nyumbani. Magunzi huchemshwa kwa asidi ili yatoe sukari ya aina ya pekee iitwayo zailosi, kisha sukari hiyo hutiwa hewa ya haidrojeni kwa mgandamizo mkubwa, pamoja na madini ya nikeli. Hiyo ni kazi ya kiwanda.

Je, kwa nini haiozeshi meno? Sababu ni ya kuchekesha kidogo. Kijidudu cha meno hukiona kitu hiki kama chakula, hukimeza, kisha hushindwa kukitumia. Hukisindika nusu, kikamlundikia ndani, halafu humbidi atumie nguvu zake kukitapika nje. Hapati kitu, na asidi haitoki. Akiendelea kukutana nacho siku hata siku hudhoofika, na ule utando anaoujenga juu ya meno hupungua kunata. Zaidi ya hayo, kitu chochote kitamu kinachotafunwa huamsha mate, nayo mate, kama nilivyosema, ndiyo fundi wa jino. Hapa yafaa tuseme ukweli: sehemu hii ya mwisho si sifa ya zailitoli peke yake. Ubani wowote usio na sukari huleta mate.

Uchunguzi uliolifanya jina hili lijulikane ulifanyika katika mji wa Turku, nchini Ufini, kati ya mwaka 1972 na 1974, ukiongozwa na Arje Scheinin na Kauko Mäkinen. Watu 125 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliendelea na sukari ya kawaida. La pili lilitumia sukari ya matunda. La tatu lilipewa vyakula ambavyo karibu utamu wake wote ulikuwa wa zailitoli. Hali hiyo ilidumu kwa miezi 25. Mwishoni madaktari walihesabu nyuso za meno zilizoharibika. Katika kundi la sukari ziliongezeka kwa wastani wa 7.2 kwa kila mtu. Katika kundi la sukari ya matunda ziliongezeka kwa 3.8, katika kundi la zailitoli hapakuwa na ongezeko. Uchunguzi wa pili, uliochukua mwaka mmoja, uliwalinganisha watu waliotafuna ubani wa sukari na waliotafuna ubani wa zailitoli, huku vyakula vyao vingine vikiachwa kama vilivyokuwa. Hata hapo wa zailitoli walishinda.

Matokeo hayo yalipotangazwa katikati ya miaka ya 1970, biashara haikungoja. Ubani wa zailitoli ukaingia madukani Ufini mwaka 1975. Ninalitaja hili si kwa kulaumu, bali kwa sababu kampuni ya sukari ya nchi hiyo ilihusika na jambo hili tangu mapema, na msomaji makini hapana budi ajue ni nani anafaidika na habari anayoisoma.

Kwetu sisi walimu, sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile iliyofuata, kwa maana ilihusu shule. Katika mji wa Ylivieska, huko huko Ufini, watoto wenye umri wa miaka 11 na 12 walipewa ubani wa zailitoli mara tatu kwa siku katika miaka ya mwanzo ya 1980. Kuoza kwa meno mapya kulipungua kati ya asilimia 30 na 60 wakilinganishwa na wenzao. Kisha, kati ya mwaka 1989 na 1993, kazi kama hiyo ilifanyika Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati inayolima miwa, ambayo watoto wake walikuwa na meno mabovu sana. Watoto zaidi ya 1,200 waliandikishwa. Walimu ndio waliogawa ubani na kusimamia kutafunwa kwake siku za shule, kwa muda wa miezi 40. Watoto waliopewa ubani wa zailitoli tupu walipata nafuu kubwa kuliko wote. Waliopewa ubani wa sukari, kama mnavyotazamia, walizidi kuharibikiwa.

Uchunguzi wa nne ninaoutaja ndio ulionigusa kuliko yote. Mtoto hazaliwi na kijidudu cha kuozesha meno. Humwambukia kutoka kwa mtu mzima, na mara nyingi ni mama yake, kwa kijiko kinachoonjwa na wawili au kwa chakula kinachotafunwa kwanza na mlezi. Ylivieska waliwachukua kina mama ambao vinywa vyao vilikuwa na vijidudu hivyo kwa wingi, wakawapa ubani wa zailitoli kuanzia miezi mitatu baada ya kujifungua mpaka mtoto alipotimiza miaka miwili. Watoto wenyewe hawakupewa kitu. Kina mama wa kundi lingine walipakwa floridi kwenye meno yao kwa vipindi. Watoto walipofika miaka miwili, waliokuwa na kijidudu hicho katika kundi la zailitoli walikuwa chini ya asilimia 10. Katika kundi la floridi walikuwa karibu asilimia 49. Na walipofika miaka mitano, meno yaliyooza yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 70.

Ndugu zangu, kama ningekuwa mfanyabiashara ningeishia hapo na kufungua sanduku la bidhaa. Lakini ipo habari ya upande wa pili.

Nchini Marekani, watu wazima 691 waliokuwa na meno yenye kuelekea kuoza walifuatiliwa kwa miezi 33. Nusu yao walipewa vidonge vya kumung'unya vyenye jumla ya gramu 5 za zailitoli kwa siku, na nusu walipewa vidonge vya namna hiyo visivyo na zailitoli. Wala mgonjwa wala daktari hakujua nani anapata kipi. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2013, yalionyesha tofauti ya asilimia 10 tu, ambayo kwa kanuni za hesabu yaweza kuwa imetokea kwa bahati. Mwaka 2015 jopo la kimataifa la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya uchunguzi wote juu ya tiba fulani na kuupima uzito, liliupitia uchunguzi kumi wa zailitoli. Lilichokiona ni kwamba dawa ya meno yenye floridi pamoja na zailitoli ilipunguza kuoza kwa meno ya watoto kwa asilimia 13 zaidi ya dawa yenye floridi peke yake, na hata hilo lilitokana na ushahidi dhaifu. Kuhusu ubani, peremende na vidonge, lilisema ushahidi hautoshi kuamua.

Kwa nini basi Turku iseme hivi na Marekani iseme vile? Maoni yangu, ambayo kila mmoja ana hiari ya kuyapima, ni haya. Huko Turku sukari iliondolewa karibu yote, na zailitoli ikakaa mahali pake. Huko Marekani zailitoli iliongezwa tu juu ya maisha yaliyokuwapo, na sukari ikaachwa iendelee. Kwa hiyo uzito mkubwa wa ule ushindi wa kwanza ulitokana na kuondoka kwa adui kuliko kuingia kwa rafiki. Zaidi ya hayo, watu wazima wa Marekani walikuwa tayari wanapiga mswaki kwa dawa yenye floridi, na mahali palipokwisha kulindwa pana nafasi ndogo ya nyongeza. Belize hali ilikuwa mbaya, na kila kilichofanyika kilionekana.

Tukilitazama jambo hivyo, hatutaidharau zailitoli wala kuitukuza. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali mwaka 2008 kwamba ubani uliotiwa utamu wa zailitoli tupu hupunguza ukoga wa meno, ukitafunwa gramu 2 hadi 3 mara tatu kwa siku baada ya kula. Zingatieni maneno hayo: tupu, mara tatu, baada ya kula. Ubani mwingi unaouzwa una zailitoli kidogo iliyochanganywa na vitu vingine vya bei ndogo, na jina lake limeandikwa kwa mbele kwa ajili ya fahari tu. Orodha ya vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata wingi. Kama zailitoli imewekwa ya tano au ya sita, mnunuzi amenunua jina.

Kuhusu fizi nitasema kwa ufupi, kwa sababu yanayojulikana ni machache zaidi. Fizi huvimba na kutoka damu kwa sababu ya ukoga uliokaa kwenye mpaka wa jino na nyama. Ukoga ukipungua, uvimbe nao hupungua, na kwa njia hiyo zailitoli yaweza kusaidia. Lakini ukoga ulioganda ukawa mgumu kama jiwe hauondolewi na ubani wala dawa ya meno. Huondolewa kwa chombo cha daktari. Na mtu ambaye fizi zake hutoka damu kila akipiga mswaki asiache kupiga mswaki, kama wengi wafanyavyo kwa hofu. Huko ni kuuachia ukoga uwanja. Apige kwa upole, na akamwone daktari wa meno.

Yapo pia ya kutahadhari. Anayekula zailitoli nyingi kwa mara moja, hasa asiyeizoea, hujaa tumbo na kuharisha. Watoto wadogo wasipewe ubani, maana waweza kupaliwa. Mwenye mbwa nyumbani aiweke mbali kabisa, kwa kuwa kiasi ambacho hakimdhuru mtu huangusha sukari ya damu ya mbwa, huharibu ini lake, na humwua. Tena mwaka 2024 watafiti wa Cleveland Clinic, nchini Marekani, walieleza kwamba watu wenye zailitoli nyingi katika damu walionekana kupatwa zaidi na maradhi ya moyo na kiharusi, na kwamba kinywaji chenye gramu 30 kilizifanya chembe za kugandisha damu kuwa nyepesi kugandana. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba kutafuna ubani kunaleta maradhi hayo, na kipande kimoja cha ubani hakina zaidi ya gramu moja hivi. Lakini ni sababu ya kutosha kutoigeuza kuwa sukari ya chai na maandazi.

Sasa, hapa kwetu tufanye nini? Sitaki kupendekeza kwamba shule zetu zinunue ubani kutoka ng'ambo kwa kila mtoto, mara tatu kwa siku, mwaka mzima. Fedha ya namna hiyo, kama ingekuwapo, ningeipeleka kwanza kwenye miswaki na dawa ya meno yenye floridi, ambayo ushahidi wake hauna shaka. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu nyingi yana floridi kupita kiasi na watoto huota meno ya rangi ya kahawia, ina suala lake la pekee ambalo linastahili hotuba nyingine. Nako kijijini ambako dawa ya meno ni anasa, upo msuaki wa mti, ambao Shirika la Afya Duniani limeukubali tangu miaka ya 1980 kuwa chombo halali cha kusafishia meno pale ulipozoeleka. Si ushamba kuutumia. Ushamba ni kuuacha bila ya kuwa na kingine.

Lipo hata hivyo jambo moja tunaloweza kulichukua kutoka Ufini bila ya kutoa shilingi. Katika shule nyingi za watoto wadogo kule, mwalimu hugawa kidonge cha zailitoli baada ya chakula cha mchana. Ni kitu kitamu, kinatoka mkononi mwa mwalimu, na kinakuja wakati kinywa kina asidi. Sisi nasi walimu hugawa vitu vitamu. Lakini tunavigawaje? Mtoto akijibu swali vizuri hupewa peremende saa tatu asubuhi, kati ya mlo na mlo, peremende ya sukari inayonata, na darasa zima humpigia makofi. Tunamfundisha hesabu huku tukimlipa kwa kitu kile kile kilichowaozesha meno watu wa Vipeholm. Zawadi ya penseli ingetosha. Zawadi ya kusimama mbele na kusifiwa ingetosha.

Vivyo hivyo meza iliyopo langoni mwa shule. Simlaumu mama anayeuza pale. Anatafuta riziki kama sisi. Lakini kamati ya shule yaweza kukaa naye na kukubaliana kwamba ashibu ya saa nne iwe karanga, ndizi, mihogo au mahindi ya kuchoma, na visheti na peremende vipungue. Mahali ambapo mazungumzo hayo yamefanywa kwa heshima, muuzaji hapotezi wateja, kwa maana mtoto mwenye njaa hununua kilichopo.

Na kwa upande wa ofisi, chai inyweke, lakini inyweke ikaishe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani vijiko vidogo sita hivi kwa mtu mzima. Mwenye kunywa vikombe viwili vya vijiko vitatu amekwisha kufika kwenye mpaka huo kabla ya saa sita mchana, hajagusa soda wala andazi.

Waliobaki ni wale ambao zailitoli yaweza kuwafaa kweli kama wanaimudu. Wa kwanza ni mama mwenye mtoto mchanga ambaye meno yake mwenyewe ni mabovu. Wa pili ni mtu ambaye kinywa chake hukauka kwa sababu ya dawa au maradhi, akakosa mate. Wa tatu ni yule ambaye hawezi kabisa kuishi bila kitu kitamu mdomoni. Huyo ni heri abadili peremende kuliko kuahidi kuacha, maana ahadi hiyo tumeisikia mara nyingi. Wote hao waendelee na mswaki asubuhi na kabla ya kulala.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imekwisha kuinuliwa huko nyuma. Naomba niishie hapa ili maswali yapate nafasi.